Maziwa Kwenye Shati la Fundi

Mara ya kwanza nilidhani ni jasho. Mchana katika soko la Owino hakuna fundi asiyelowa: mabati yako karibu na kichwa, pasi ya makaa iko karibu na tumbo, na wateja wanakusimamia shingoni kana kwamba pumzi zao ndizo zinazoendesha cherehani. Nilikuwa nabana suruali ya mtumba ya bwana mmoja mnene aliyetaka aonekane amekonda. Nikainama kukata uzi, nikajiona kifuani. Alama mbili za maji kwenye shati la bluu, moja kila upande, za mviringo kama vifungo vya koti. Jasho haliji hivyo. Jasho huanzia kwapani na mgongoni, halina adabu ya kuchagua pande mbili zinazolingana.

Jioni, nyumbani mtaa wa Bwaise, niliingia kwenye bafu la mabati tunalotumia wapangaji wote, nikavua shati na kujiminya kidogo. Likatoka tone jeupe. Sikuhitaji kuambiwa ni nini, kwa maana chumbani kwangu kulikuwa na mtoto mchanga na mama anayenyonyesha, na harufu ile ilikuwa kwenye shuka, kwenye mto, hata kwenye pazia. Nikajimwagia maji haraka kama mwizi anayefuta alama zake. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Mwanaume mzima, nina ndevu, nina mke, nina binti, nimesimama bafuni natoa maziwa.

Ili unielewe nilivyoogopa, lazima nikuambie habari za kichwa changu.

Nilikuja Kampala kutoka Kivu, Kongo, nikiwa nimebeba kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Meza na miguu yake niliiacha, kama tulivyoacha mafundi wote tuliotoka huko, kwa sababu miguu ya cherehani utaipata popote lakini kichwa ndicho kinachokulisha. Nilipata nafasi Owino, nikapata kanisa la watu wa kwetu, nikaoa ndani ya kwaya ya kanisa hilo. Halafu akili ikanigeuka. Nilianza kusikia watu wakinisema, watu wasiokuwepo, na waliyajua mambo yangu yote. Nikapata hakika kwamba wanasikiliza kupitia nguo. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kushona mashati ya kwaya kwa ajili ya sikukuu, meupe, yenye kola nzuri za kusimama. Nilikaa chini na mkasi nikazikata kola zote, shati kwa shati, nikizipasua kutafuta kitu nilichoamini kimeshonewa ndani.

Kwaya iliimba sikukuu ile bila kola. Wageni wa kanisa lingine walisifu mtindo, wakauliza fundi ni nani nao wakashone. Fundi alikuwa amefungwa kamba kwenye kitanda cha jirani, anasubiri usafiri wa kwenda hospitali. Siku hizi naweza kulicheka jambo hili, lakini mke wangu hajawahi kulicheka hata mara moja.

Hospitali walisema ni skizofrenia, wakanipa vidonge. Vya kwanza vilinifanya nitetemeke mikono, na fundi wa kutetemeka mikono ni mtu wa kuombewa tu. Baadaye vile vikakosekana, kliniki wakanipa vingine, na hivi vipya, nakuambia ukweli, vilikuwa rehema. Sauti zilinyamaza. Mikono ikatulia. Niliweza kupitisha uzi kwenye sindano bila kulamba uzi mara kumi. Mke wangu akashika mimba, binti yetu akazaliwa, na watu wa kanisa wakaacha kuzungumza nami polepole kama wanaozungumza na kiziwi.

Kwa hiyo nilipoliona tone lile jeupe, nilijua hata kabla ya kutoka bafuni kwamba ni vidonge. Hakuna kitu kingine kilichokuwa kimebadilika mwilini mwangu. Nilijua pia kwamba nimebanwa pande mbili. Nikiendelea kuvimeza, nitabaki na akili na kifua cha mama. Nikiacha, kifua kitakauka, nami nitarudi kwenye mkasi.

Kumwambia mtu sikufikiria kabisa. Nilifikiria kushona.

Kazi yangu ni kuficha miili. Mwenye kitambi nampa koti refu, mwenye bega moja chini nampa pedi upande huo, na bibi harusi aliyewahi kidogo nampa gauni lenye mikunjo mbele. Basi nikajishonea kizibao cheusi chenye bitana mbili, na ndani yake nikapachika pedi za mabega, zile za sponji, kifuani. Zilinyonya vizuri. Nikakivaa Owino, katika joto lile, nikatoka jasho ambalo kwa mara ya kwanza maishani nililifurahia, kwa sababu mtu aliyelowa mwili mzima haonekani amelowa wapi.

Jirani yangu wa meza, Mkenya anayeuza vifungo na zipu, hakuniacha nipumue.

"Fundi, kwani umechaguliwa mheshimiwa? Toa hiyo kizibao, utaanguka hapa tukubebe na mkokoteni."

"Ni tangazo la biashara," nilimjibu. "Fundi avae kazi yake."

"Hiyo si biashara, hiyo ni sauna," akasema, na majirani wote wakacheka. Nami nikacheka nao, huku nimeukunja mkono kifuani.

Jumapili kizibao hakikutosha, maana kwenye kwaya tunavaa sare na sare ni shati jeupe, jepesi. Hapo ndipo nilipomgundua binti yangu. Nilimbeba kutoka nyumbani mpaka kanisani, nimemlaza kifuani, na shati lilipolowa kila mtu aliona sababu. Mtoto anatoka udenda. Mtoto amecheua. Nani atamuuliza baba kwa nini shati lake lina maziwa wakati ana mtoto mchanga mkononi? Nikaanza kumbeba kila mahali. Nilimbeba kwenye foleni ya maji, dukani, na mke wangu anaposuka wateja kwenye saluni nilipita kumchukua nikitoka kazini, nikatembea naye mtaani kifua kwa kifua. Akishtuka usingizini nilikuwa wa kwanza kumwinua. Kusema kweli, akilala muda mrefu sana nilikuwa nahangaika, kwa maana wageni wangeweza kuingia wakati wowote na mimi sina cha kujifunika.

Kwetu wanaume hawabebi sana watoto wachanga mbele za watu. Anayebeba ataulizwa kama mke ni mgonjwa. Kwa hiyo nilionekana, na sifa zikaanza. Mama za kanisa walinitaja kwa waume zao. Mwenye nyumba wetu, Mganda mzee asiye na maneno mengi, aliniambia, "Ssebo," yaani bwana, "wewe iko baba kabisa," akaniinamishia kichwa. Kila sifa iliniingia kama pini iliyosahaulika kwenye nguo. Nilikuwa nimemgeuza mtoto wangu kuwa kitambaa cha kujifutia, na watu wananiita baba kabisa.

Kulikuwa na jambo lingine nililomficha mke wangu hata katika kitanda kimoja. Hamu ilikuwa imeniisha. Alinigusa nikasema nimechoka, alinigusa tena nikasema mtoto ataamka. Mwishowe hakunigusa. Nilikuwa nalala na fulana mbili, nimempa mgongo, nikisikia anavyopumua akiwa macho, na nilijua anafikiri nina mwanamke mwingine. Ningependa ingekuwa hivyo, maana hiyo ni aibu inayojulikana, watu wanajua pa kuiweka.

Tuna desturi yetu ya kila jioni tangu nilipotoka hospitali. Tukishakula, anatoa kidonge kwenye kopo, ananipa na maji, kisha anasema, "Papa, fungula kinywa." Nafungua. Anaangalia chini ya ulimi, kushoto, kulia, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Halafu anafunga kopo na maisha yanaendelea. Sikuwahi kukasirika, kwa sababu ni yeye aliyeokota zile kola sakafuni.

Lakini fundi anajua kuficha. Kuna nafasi juu, nyuma ya jino la mwisho, ambayo hakuwa anaiangalia. Nilikibana kidonge hapo, nikafungua kinywa, akatazama, akafunga kopo. Nikatoka nje nikakitema mtaroni. Nilifanya hivyo jioni kadhaa mfululizo na nikajiambia najaribu tu, nione kama kifua kitapungua.

Kifua hakikupungua. Kilichotokea ni kwamba mteja mmoja wa Owino, kijana wa ofisini, aliniletea koti nimbadilishie zipu ya mfuko. Aliondoka, akarudi, akanikuta nimeinama.

"Fundi, wewe nafanya nini na kola yangu? Mimi nasema zipu tu."

Nikatazama mikono yangu. Vidole vilikuwa vinaipapasa kola ya koti lake, inchi kwa inchi, vinatafuta kitu ndani ya bitana. Sikujua vimeanza saa ngapi. Mkasi ulikuwa karibu. Nikamwambia naangalia kama kola imekaa sawa, akasema iko sawa, nikasema ndiyo, iko sawa. Nilitoka nikakaa nyuma ya marobota ya mitumba. Jioni ile nilikimeza kidonge kabla hata mke wangu hajasema nifungue kinywa.

Sasa ilibidi niseme kliniki, hakukuwa na njia nyingine. Tarehe yangu ilipofika nilikwenda nimejipanga. Nilikuwa nimeshatunga sentensi yenyewe nikaikariri njiani: Daktari, natoka maziwa. Ni maneno matatu tu, mtoto wa shule ya chekechea anaweza kuyasema.

Daktari wa pale ni mwanamke, Mganda, na Kiswahili chake ni cha kambini kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi naye akakulia huko. Kwa hiyo anaongea kama anayepanga gwaride. Mtu mwema sana, lakini hata habari za asubuhi kwake ni amri. Mlango wa chumba chake haufungi vizuri, na nje kwenye benchi kulikuwa na akina mama wawili wa kanisa letu waliomleta ndugu yao.

"Dawa nakunywa?"

"Nakunywa."

"Kelele kwa kichwa?"

"Hapana."

"Shida ingine iko? Sema!"

Nikafungua kinywa niyaseme maneno yangu matatu. Nje mama mmoja alikohoa, nikaitambua sauti yake, ni mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Hakuna shida," nikasema.

Akanituma kwa muuguzi kuchukuliwa damu, ya sukari na ya mafuta, maana vidonge hivi vinaweza kunenepesha watu na kuwaharibia sukari, na huwa wanaangalia. Muuguzi alitaka kunipima kiuno pia. Akatoa tepu, tepu kama yangu, ya plastiki ya njano. "Inua shati, ssebo." Niliinua mpaka kitovuni nikalishikilia hapo kwa mikono miwili. "Inua kabisa," akasema. Nikamwambia kiuno kiko hapa, mimi ni fundi, najua kiuno kilipo. Akacheka, akapima, akaandika.

Damu ilipoingia kwenye kichupa niliitazama kwa tumaini kubwa. Nilifikiri: itanisemea. Watu wenye elimu watatazama damu hii na wataona kila kitu, halafu wataniita wenyewe na kuniambia tumejua, pole. Nilisubiri majibu nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo muda mrefu. Yalipotoka, sukari ilikuwa imepanda kidogo, mafuta yalikuwa mazuri, punguza soda, tembea. Basi. Sikujua kwamba damu hujibu swali lililoulizwa tu, na swali langu hakuna aliyeliuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Nikarudi nyumbani na kidonge kilekile na kifua kilekile.

Ndipo pasta akanitafuta. Kanisani kwetu kuna Jumapili ya akina baba, na safari hii alitaka niwe mzungumzaji. Nilikwepa. Nikasema sijui kuhubiri. Akasema hataki mahubiri, anataka ushuhuda: nilikuwa wapi na Mungu amenitoa wapi, na sasa ni baba wa namna gani. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni yetu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akaangalia chini.

Siku yenyewe nilivaa sare ya kwaya, shati jeupe lenye kola mpya, na binti yangu mkononi. Pasta alinivuta mbele.

"Bapapa, muangalie huu ndugu yetu," akasema. "Munajua alipitia nini. Leo anabebaka mutoto wake kupita bamama. Nani kati yenu anabebaka vile? Munyooshe mukono!"

Hakuna aliyenyoosha. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapewa kipaza sauti, nami nikawa na mtoto mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, hivyo sikuwa na mkono wa tatu wa kujizuia.

Binti yangu alikuwa na njaa. Nilikuwa nimemchukua mapema mno, kabla hajashiba, kwa haraka zangu za kujifunika. Nilisema, "Ndugu zangu," na kabla sijaendelea akageuza uso, akanusa, akafungua kinywa na kulivamia shati langu. Alipata alichokitafuta. Alinyonya kupitia kitambaa kwa sauti, na kipaza sauti kikaipeleka ile sauti mpaka kwenye viti vya mwisho.

Kanisa zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, cha upendo, mtoto amemdhania baba ni mama. Mimi peke yangu nilijua hakudhania. Nilimvuta, akalia, na shati pale alipotoka likabaki limegandamana na ngozi, na nililiona umbo la kifua changu lilivyosimama mbele za watu, na alama ya upande wa pili, ambao mtoto hakuugusa, ikaanza kupanuka yenyewe. Udenda gani unatoka upande ambao mtoto hayupo? Niliona mtu wa mstari wa mbele akiacha kucheka. Niliomba sakafu ile ya saruji ipasuke. Kwa dakika moja nilizitamani zile sauti zangu za zamani, maana wakati wa sauti sikuwa najua aibu.

Mke wangu alikuja mbele. Hakukimbia, alitembea kama anayekuja kupokea zawadi. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akanizungushia mimi, si mtoto, kuanzia bega mpaka kiuno, akakifunga fundo begani. Kisha akamchukua mtoto na kumpachika anapostahili. Watu wakapiga makofi, wakaona ni mbwembwe, mke amemvisha mumewe kitenge cha umama kwa heshima. Pasta akasema amina. Nikasema nami amina, na huo ndio ulikuwa ushuhuda wangu wote.

Nyumbani nilikaa kitandani na kitenge chake bado mwilini. Mke wangu hakukaa.

"Weye unawaza mi niko kipofu?" akasema. "Ile mashati, ni nani anafuaka? Njo miye. Maziwa ikikauka kwa nguo inakuwa ngumu, na mi nafua yangu na yako beseni moja. Nilijua tangu mwanzo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Juu niliogopa. Nikisema, utapata haya, utaacha dawa. Nikawaza, afazali maziwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Na ile jioni zenye ulikuwa unatema, nilikuta vidonge kwa mutaro. Sikulala, Papa. Nilikuwa naficha mukasi."

Nilikuwa nimejishonea kizibao cha bitana mbili katika joto la Owino, nimejifunika kwa mtoto kifuani, nimempa mgongo kitandani, na yule niliyekuwa namficha alikuwa anafua siri yangu kila wiki na kuianika juani mbele ya wapangaji wote. Nililia. Sitasema kwamba nililia kama mwanaume, sijui wanaume hulia vipi.

Hatukusubiri tarehe. Tulikwenda kliniki wote wawili na mtoto, na daktari alipouliza shida ingine iko, mke wangu hakunisaidia. Alitazama ukutani. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Nikayasema maneno yangu matatu, na nikaongeza la nne, "mengi".

Daktari aliweka kalamu chini. Aliinuka akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga, kumbe unafunga. Akanituma kwenye maabara kubwa ya mjini, asubuhi, na akaniamuru nisikimbie, nisigombane na mtu, wala nisijiminye kabla ya kutolewa damu, kwani homoni inayotafutwa hupanda hata kwa hasira. Inaitwa prolaktini. Ndiyo inayomwambia mwili wa mama aliyejifungua utoe maziwa. Kila mtu anayo, hata mwanaume, kidogo tu. Yangu ilirudi imepita kiwango cha mwanaume mara nyingi sana, hata daktari aliisoma mara mbili.

"Sikiliza," akaniambia. "Dawa nafunga mlango moja kwa kichwa, ile ya kelele. Rakini kwa kufunga ile, ingine nafunguka, ya maziwa. Si wewe. Si laana. Hata ile ya kitanda, kukosa nguvu, ni hiyo hiyo." Mke wangu, ambaye siku hiyo pia alitazama ukutani, aligeuka aliposikia hilo. "Wanaume mingi iko nayo. Nasema hapana, hapana, harafu naacha dawa, narudi hapa na kamba." Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya gwaride. "Na mimi siku ile nauliza na mlango wazi. Pole."

Alinibadilishia vidonge taratibu, vya zamani vikipungua na vipya vikiongezeka, na akasema huo ndio wakati wa kuwa macho. Mke wangu aliacha kunikagua kinywa. Badala yake kila jioni alinitupia shati lolote lililokuwa karibu.

"Hii njo nini?"

"Kola."

"Na ndani?"

"Kitambaa cha kukazia."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu, Mama."

Kola zilibaki kola. Damu iliporudiwa baadaye, prolaktini ilikuwa imeshuka karibu na ya watu wengine, na sukari nayo ikarudi chini. Kifua kilikauka, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Kizibao nikakifumua nikamrudishia Mkenya vifungo vyake, akasema mheshimiwa ameanguka uchaguzi. Nilirudi kuvaa mashati mepesi na kulala bila fulana, na habari za kitandani nitaziacha hapo zilipo, ila sasa hakuna anayelala akiwa macho.

Ningependa kuishia hapo, lakini siyo hapo inaponiuma.

Jumapili moja, si muda mrefu uliopita, nilitoka nyumbani kwenda kanisani nimeshika kitabu cha nyimbo. Mke wangu alikuwa nyuma na mtoto mgongoni. Tulipofika, mama mmoja akaniuliza, "Papa, leo mutoto iko wapi?" Nikajibu yuko na mama yake, nikaingia kwenye kwaya. Wakati wa maombi nikageuka. Binti yangu alikuwa ananiangalia juu ya bega la mama yake, na mikono yote miwili ameninyooshea. Hakuwa analia. Ilionekana ameinyoosha muda mrefu, maana mmoja ulikuwa umeanza kushuka.

Nikajaribu kukumbuka nilimbeba lini mara ya mwisho. Sikuweza. Shati lilipokauka nilimweka chini, kama mtu anayetundika mwavuli mvua ikikatika, na sikugundua. Yeye hakujua alikuwa ngao. Alijua tu kwamba kulikuwa na kifua, na siku moja hakikuwepo. Masikio yakaniwaka moto kuliko siku ile ya kipaza sauti.

Nilitoka kwenye mstari wa kwaya katikati ya maombi, watu wakanipisha. Nilimchukua, nikamlaza pale pale pake pa zamani. Alinusa shati, akatafuta, hakukuta kitu, akainua uso akanitazama kana kwamba ananidai maelezo. Kisha akaweka shavu kwenye kola yangu na kulala, na nilisimama naye hivyo mpaka ibada ikaisha, mkono ukafa ganzi, sikumbadilisha upande.